Mama Mkwe Wangu na Mlango Uliokataa Kufunguka

Tangu turudi Likasi, hakuna anayepita mbele ya garaji yangu pale Kikula bila kusimama na kuniuliza kama ni kweli nililala juu ya mama mkwe wangu. Wengine wanauliza kwa aibu, mkono mdomoni. Jirani yangu wa matairi anauliza kwa sauti ileile anayoitia wateja. Basi naandika mara moja, msome wote, halafu mniache nifanye kazi. Ndiyo, nililala. Chali. Yeye alikuwa ndani ya sanduku, mimi nilikuwa juu ya sanduku, na nilikuwa na balbu mdomoni. Sasa tulieni niwaeleze tulifikaje huko.

Kutoka Shituru

Mama Filomena, mama wa mke wangu Clémence, aliishi kwetu Shituru miaka sita. Mnajua desturi: mtu na mama mkwe wake wanapishana. Humpi mkono, hukai naye mkeka mmoja, na mkikutana mlangoni mmoja anarudi nyuma. Nyumba yetu ni ya vyumba viwili, zile za zamani za kampuni, kwa hiyo miaka sita hiyo nilitembea sana kinyumenyume. Alinisalimia kupitia ukuta. Alinigombeza pia kupitia ukuta. Umeme ukikatika, sauti ilitoka chumbani kwake: "Clémence, bwana yako ni fundi wa umeme ao ni muuzaji wa mishumaa?" Nilimpenda, lakini kwa mbali, kama desturi inavyotaka.

Alipofariki, ilibidi azikwe kwao Kitobo, kijiji kilicho kando ya mto Lufira, mwendo wa siku nzima kwa njia ya vumbi. Waombolezaji walitangulia na kamioni. Marehemu mwenyewe alipanda gari langu, maana ndilo lililokuwa refu vya kutosha: gari la Kijapani ambalo mlango wake wa nyuma unainuka kwenda juu. Mlango huo hauna kitasa wala tundu la ufunguo. Una swichi ya mpira chini ya ukingo. Unaibonyeza, umeme unavuta komeo, tak, mlango unapanda wenyewe. Swichi hiyo nilikuwa nimeibadilisha kwa mikono yangu wiki moja kabla, na nilikuwa nimejisifu kwa kila mtu.

Garini tulikuwa wanne ukimhesabu Mama. Mimi, Clémence, na Mjomba Evariste, mdogo wake marehemu. Mjomba alikuwa mlinzi wa gereza kule Buluo mpaka alipostaafu. Maisha yake yote amesimama upande wa nje wa milango isiyofunguka, kwa hiyo katika habari za milango hasikilizi ushauri wa mtu.

Seremala alikuwa ameambiwa atengeneze sanduku la heshima, na kwake heshima maana yake ni urefu. Tulilaza viti vyote vya nyuma, tukasukuma, na bado upande wa miguu uligusa mlango wa nyuma kiasi kwamba kiganja cha mtoto kisingepita. Mjomba aliufunga mlango kwa kuupiga tako. Nikawasha gari. Kwenye dashibodi kile kitaa chekundu cha mlango ulio wazi kikabaki kinawaka.

"Mulango haiyafunga," Clémence akasema.

Nilishuka, nikausukuma, nikauvuta. Ulikuwa umefunga kama jela. "Imefunga. Ni taa tu inadanganya."

"Taa haidanganyake," Mjomba akasema kutoka nyuma, ambako alikuwa amejibana kando ya sanduku. "Dada yangu bado eko anaaga nyumba."

Wateja wangu huwa nawaambia: taa ikiwaka, usiipuuze, njoo haraka. Mimi niliipuuza, nikaenda.

Kamba yenye mifuko ya plastiki

Lami ilipoisha tu, tulikuta kizuizi: kamba iliyofungwa mifuko ya plastiki ili ionekane, na polisi mwenye miwani myeusi.

"Muko na nini nyuma?"

"Maiti, shefu."

"Maiti ya nani?"

"Ya mama mukwe."

Akacheka mpaka miwani ikateremka puani. "Kila siku banapitisha mawe ya shaba mu masanduku ya maiti. Fungula."

Nilizunguka nyuma kwa kujiamini, nikabonyeza swichi. Kimya. Nikabonyeza tena kwa dole gumba, halafu kwa vidole viwili. Hata ule mguno mdogo wa komeo haukusikika.

"Aaah," yule polisi akasema polepole. "Sasa inakatala?"

Jasho la mwizi na jasho la fundi aliyeaibika ni jasho moja, na polisi hawezi kuyatofautisha. Alifungua mlango wa ubavuni, akaingiza mkono, akagonga sanduku: ko, ko, ko.

"Unabisha hodi?" Mjomba akamfokea. "Unataka akuitikie?"

Polisi akautoa mkono kama aliyegusa pasi. Clémence, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema maneno kumi, akashuka na kumfungulia mlango vizuri zaidi. "Shefu, kama unataka kuhakikisha, ingia, kaa naye. Minye nitafunga."

Kamba iliteremshwa mpaka chini, tukapita juu yake.

Ningeweza kurudi garaji. Nilifikiri hivyo. Lakini kaburi lilikuwa limechimbwa, watu wanangoja, joto lilikuwa kali, na marehemu hangojeshwi kama gunia la mahindi. Nilijiambia ni swichi tu, nitaitengeneza tukisimama kula.

Mjomba naye alikuwa na uchunguzi wake. "Alikatala kuonyeshwa kwa polisi," akasema. "Lakini kuko kintu ingine. Mutoto mwanaume moja tu, Gaston, na hakukuya kumuona mu bugonjwa. Njo sababu eko anafunga mulango."

"Yomba, acha," Clémence akasema.

"Niache nini? Ni dada yangu."

Clémence aligeuza uso dirishani na akakaa hivyo njia nzima. Nilidhani ni majonzi.

Mihogo ya kuchoma

Mbele ya Lwambo tulisimama kwa mama mmoja aliyekuwa anachoma mihogo chini ya bati. Mihogo yake ilikuwa na ganda jeusi na moyo mweupe unaovunjika kama chaki, ukiila na karanga mbichi na kikombe cha munkoyo, togwa yetu ya mahindi, unasahau hata msiba. Mjomba aliisahau kabisa huzuni yake kwa mihogo minne.

Mimi nilikula nikiwa nimechuchumaa nyuma ya gari. Kwanza nilitazama fyuzi: nzima. Halafu nikaing'oa ile swichi kwa bisibisi, nikaziunganisha nyaya zake mbili moja kwa moja. Kama swichi ndiyo mbovu, hapo komeo lingevuta. Halikuvuta. Kwa hiyo swichi yangu haikuwa na kosa, na nakiri kwamba nilifurahi kuliko ilivyofaa. Nikatoa balbu yangu ya kupimia, ile ndogo yenye nyaya mbili ambayo hata kanisani huwa naibeba mfukoni, nikaigusisha pale. Haikuwaka. Umeme haukuwa unafika mlangoni kabisa.

Lakini kile kitaa chekundu bado kiliwaka. Waya mmoja ulikuwa umekufa, na mwenzake ulikuwa unasema uongo kwamba mlango uko wazi. Magonjwa mawili, mlango mmoja. Nililifikiria jambo hilo kwa muda mrefu, na muda wote huo taa ya ndani ya gari nayo, kwa kuamini uongo uleule, ilikuwa inawaka. Betri yangu si changa. Niliporudi kwenye usukani, gari lilikohoa mara moja, likanyamaza.

Walikuja wanaume watano waliokuwa wanapita na baiskeli za makala ya kupikia, watu wazuri, wakaegemeza baiskeli na kukunja mikono ya mashati. Walishika gari, wakaanza kuhesabu, moya, mbili, halafu mmoja akachungulia dirishani.

"Ni nini ile?"

"Ni dada yangu," Mjomba akajibu, mdomo umejaa muhogo.

Sijapata kuona baiskeli zilizopakia makala zikienda kwa kasi ile. Tulibaki mimi, Clémence, na Mjomba ambaye alisema mgongo wake uliharibikia kazini. Yule mama wa mihogo akatutazama, akafuta mikono kwenye kitenge, akaja akaweka bega lake kwenye gari.

"Mama, huogope?" nikamuuliza.

"Niogope nini? Hata minye nitakufa siku moya, na nitataka basukume."

Gari liliwaka kwenye mteremko. Sikuthubutu kulizima tena mpaka Kitobo.

Kitobo

Tulifika kwenye ua wa ukoo jua likiwa limeanza kuinama. Waliofika na kamioni walikuwa wamejipanga njia yote mpaka makaburini, wanawake upande mmoja, wanaume upande mwingine. Mbele yao alisimama Gaston peke yake, na koti jeusi zito lililotoka kwa mtu mnene kuliko yeye. Watu walikuwa wamemwachia nafasi, ile nafasi anayoachiwa mtu anayenuka. Clémence alishuka akapita karibu naye bila kumsalimia.

Waimbaji walianza wimbo wa kumshusha marehemu. Nilibonyeza swichi, kwa imani tu. Wakamaliza ubeti, wakanitazama, wakaurudia. Nikapiga mlango ngumi. Wakaurudia mara ya tatu, sasa kwa sauti ya watu wanaojiuliza.

Ndipo Mjomba akapanda juu ya kinu kilichokuwa kimepinduliwa pale uani, akainua mkono. "Musichoke bure. Tangu Shituru eko anakatala. Alikatala kwa polisi, alizimisha gari kule ku mihogo. Hatashuka mupaka muntu aliyemukosea aseme."

"Ni waya!" nikasema. "Yomba, ni waya!"

Hakuna aliyenitazama. Wote walimtazama Gaston.

Tulijaribu kumtoa kwa mlango wa ubavuni: sanduku halikuweza kupinda, tukachana kiti. Gaston akasema tuvunje kioo. Bibi mmoja akauliza kama katika ukoo huu watu wanazikwa na vipande vya chupa, na hoja hiyo ikaishia hapo. Kulikuwa na kamkono kadogo ka kufungulia kwa ndani, chini ya mlango, lakini upande wa miguu wa sanduku ulikuwa umekafunika. Njia moja tu ilibaki: mtu aingie, atambae juu ya sanduku mpaka mwisho, afungue dari ya gari na kuzifuata nyaya kuanzia huko juu.

"Atambae nani?" Mjomba akauliza.

Nilitazama kushoto, nikatazama kulia. "Nani mwingine anajua umeme?"

Bibi wa vipande vya chupa alijifunika uso kwa kitenge. Mkwe! Mimi ambaye kwa miaka sita sikuwahi kukaa naye benchi moja! Wanawake wazee walijitenga, wakafanya mkutano wao nyuma ya jiko, na tulisikia wakibishana. Walirudi na hukumu.

"Uso kwa uso, hapana," bibi akasema. "Mugongo, sawa. Na mukeka katikati."

Nyaya ziko darini. Hata wangenipa ruhusa ya kulala kifudifudi isingenisaidia kitu. Lakini niliinama, nikawashukuru wazee kwa busara yao, nikavua viatu.

Chali

Ndani mlikuwa na joto la tanuri na harufu kali ya vanishi. Nilijivuta kwa visigino na viwiko, kichwa mbele kuelekea mlango wa nyuma, na mkeka ukiteleza chini yangu. "Mama, unisamehe," nikasema. "Ni kazi." Nilijikuta ninangoja anijibu kupitia ukuta.

Nilibandua kitambaa cha dari kwa bisibisi. Balbu nilikuwa nimeiuma kwa meno, nyaya zake mikononi. Nikagusa: balbu ikawaka mbele ya pua yangu. Umeme ulikuwa unafika mpaka darini, salama kabisa. Kutoka pale nyaya zinaingia kwenye kibomba cha mpira kinachovuka kutoka kwenye paa kwenda mlangoni, na kibomba hicho kinakunjwa kila mlango unapofunguliwa, miaka na miaka. Nilikichomoa kichwa chake, nikavuta nyaya taratibu. Mmoja ulikuwa umechunika ngozi na kugusa bati: huyo ndiye mwongo wa kitaa chekundu. Na mwingine, wa kijani, ulikuja mkononi wenyewe, umekatika kabisa.

Ndugu zangu mafundi mnaijua furaha ile. Nilitaka kupiga kelele. Nilikwangua ncha mbili za ule wa kijani kwa kucha, nikazishika, moja kila mkono. Kabla ya kuingia nilikuwa nimeziunga tena zile nyaya mbili za swichi, kwa hiyo ilibaki kuzigusanisha tu.

Hapo nikasikia sauti ya Gaston nje ya kioo, karibu sana na kichwa changu.

"Mama, ni minye Gaston. Batu banasema ni minye ninakukasirisha. Ni kweli sikukuya. Lakini sikujua kama ulikuwa mugonjwa. Hakuna muntu aliniambia."

Watu wakaguna. Mjomba akasema, "Usidanganye mbele ya maiti."

"Sidanganye, Yomba."

"Miezi mitatu mama eko analala, na weye haukujua?"

"Hadanganye." Ilikuwa sauti ya Clémence. "Yomba, hadanganye. Mama aliniambia nimuite Gaston. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilimwambia: nilimuita, eko mu njia. Sikumuita."

Mikono yangu ikasimama pale ilipokuwa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelisikia jibu hilo kupitia ukuta, jioni nyingi. Eko mu njia, Mama. Nami pia nilikuwa nimeamini, na nilikuwa nimemchukia Gaston kwa kutofika.

Kisha Clémence akaendelea, na sauti yake ilikuwa imeanza kukatika. "Nilikuwa na hasira. Ni minye nilimuosha. Ni minye nilimubeba. Na kila siku eko anauliza Gaston, Gaston, Gaston tu. Nikasema, bon, akae bila Gaston. Nilifikiri tutakuwa na wakati. Nilifikiri nitakuita juma inayokuya."

"Alinisubiri?" Gaston akauliza.

"Alikusubiri. Kila gari ilipita, aliuliza kama ni weye."

Nilisikia gari likitikisika kidogo: Gaston alikuwa ameketi chini na kuuegemeza mgongo kwenye bampa. Mabega yangu yaliwaka moto, jasho lilinijaa machoni, na ncha za waya zilikuwa sentimita mbili mbali. Sikuzigusanisha. Sikuwa nafikiri jambo lolote la hekima, msinisifu. Niliogopa tu kwamba mlango ukifunguka wataacha kusema, na watu wote wataanza kuimba, na hao wawili hawatasemezana tena maisha yao yote.

Kwa muda mrefu kulikuwa na kilio tu. Halafu Gaston akamwambia dada yake mkubwa, "Ungeniita tu, Yaya. Hata kwa kunitukana." Na baadaye kidogo: "Kuya. Kaa hapa." Gari likatikisika mara ya pili.

Nilingoja mpaka nikasikia wanasimama. Ndipo nikaziunga.

Tak.

Mlango ukapanda polepole, mwanga ukaingia, na kijiji kizima kikaona kichwa changu kimening'inia juu chini kwenye ukingo wa gari, balbu ingali mdomoni. Wanawake walipiga vigelegele. Wanaume wawili walikimbia, na majina yao ninayo.

"Munaona?" Mjomba akapaza sauti. "Sikusema?"

Nilipotolewa nilimvuta Mjomba mpaka kwenye ule waya wa kijani uliokuwa unaning'inia, nikamwonyesha palipokatika. "Yomba, tazama mwenyewe. Ni waya ilikatika."

Aliushika, akaugeuza, akausogeza machoni kama kitambulisho cha mfungwa. "Naona," akasema. "Na nani aliikata?"

Tulimzika Mama Filomena kabla jua halijazama. Gaston alishika upande wa kichwa, Clémence akatembea akiwa ameshika mkono wa koti lake. Baadaye tulikula bukari, yaani ugali, na samaki wa Lufira, na bibi wa vipande vya chupa alinipa kichwa cha samaki mkubwa, lakini aliniwekea sahani mbali na watu wengine wote, mpaka nioge.

Kurudi

Kesho yake tulifunga mlango kwa kamba, tukaondoka. Gaston alikuja nasi. Alitaka kuona chumba alimolala mama yake. Yeye na Mjomba walilala nyuma mara tu tulipoanza kwenda, bega kwa bega, vinywa wazi.

Tulimpita yule mama wa mihogo. Kisha Clémence akaniuliza bila kunitazama, "Ile waya, uliipata wakati gani?"

Nilifikiria kudanganya. "Kabla Gaston haiyaanza kusema."

"Kabla yangu?"

"Kabla yako."

"Ungeunga."

"Ningeunga."

Aliyatazama majani ya kando ya njia, mekundu kwa vumbi. Nilingoja ghadhabu. Ningeistahili.

"Kwa hiyo," akasema, "wakati ule wote ulilala juu ya mama yangu bure, bila kazi."

"Kidogo tu."

Akaanza kucheka. Alicheka huku analia, akipiga dashibodi kwa kiganja, mpaka nikapunguza mwendo. Mjomba hakushtuka, huyo amelala Buluo miaka thelathini. Lakini Gaston aliamka, akainua kichwa, akauliza kuna nini.

Safari hii Clémence alimwambia.